Kumbukumbu ya mradi: kuwahamisha wateja kutoka WhatsApp

Aprili

Masika yamekolea Arusha, kambi kadhaa za Serengeti zimefunga, na simu imepoa. Msimu ukichanganya sitapata nafasi ya kushika kazi hii, kwa hiyo ni sasa: kutoa taarifa za wateja kwenye meseji na kuziweka mahali pamoja.

Mimi ni mpanga safari wa kujitegemea. Sina gari wala ofisi. Magari, madereva na vibali vya hifadhi vinapitia kampuni yenye TALA, yaani leseni ya biashara ya utalii, ninayofanya nayo kazi. Mimi namsikiliza mteja, nachora ratiba, nashika vyumba na kufuatilia malipo. Mfumo wa kampuni yenye wafanyakazi thelathini haunihusu.

Nimeanza na programu moja ya kusimamia wateja inayosifiwa sana na watu wa mauzo. Inapendeza, na kifurushi cha kuanzia ni bure. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya muuzaji: kadi ya mteja inasogezwa hatua kwa hatua mpaka alipe, kisha inahesabiwa kuwa imefungwa na kuondoka machoni. Kwangu mteja akishalipa advansi ndipo shughuli inapoanza. Bado kuna salio, ndege ndogo, mtoto mwenye mzio wa karanga, na bima ya Zanzibar ambayo tangu Oktoba 1, 2024 kila mgeni mtu mzima anayetoka nje ya nchi anatakiwa kuilipia dola 44. Sikukaa nayo.

Nimehamia Airtable, programu ya majedwali ya mtandaoni, na kujijengea mwenyewe. Kifurushi cha bure kina kikomo cha rekodi 1,000, na kwa mtu mmoja hiyo ni nafasi ya kutosha. Majedwali ni matatu yanayounganishwa: Watu, Safari, Huduma.

Mei

Jedwali la Watu limenichukua muda kuliko nilivyodhani, kwa sababu "mteja" si mtu mmoja. Chukua familia ya Kimarekani ya vizazi vitatu. Bibi ndiye anayelipa. Binti yake ndiye anayejibu barua pepe. Mkwe hasemi kitu mpaka wiki ya mwisho, halafu anauliza kama anaweza kuja na sanduku gumu la magurudumu, wakati ndege za kwenda viwanja vya Serengeti zinataka begi laini, na kwa mashirika mengi ni kilo 15 tu. Ukiandika jina la bibi peke yake, huna mahali pa kuweka haya mengine. Nimeongeza safu moja yenye chaguo tatu: analipa, anawasiliana, anasafiri. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote.

Pasi za kusafiria nimezitafakari kivyake. Kwenye kazi yetu ni kawaida picha ya pasi ya mgeni kukaa kwenye simu katikati ya picha za harusi na za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, hilo si jambo la kumfanyia mtu aliyekuamini. Sasa picha inaingia kwenye rekodi ya mtu husika, inafutwa kwenye simu, na safari ikiisha inafutwa huko pia. Dereva anapewa majina, umri wa watoto na mambo ya chakula. Namba ya pasi haimhusu.

Juni

Hapa ndipo mradi ulipopata maana. Jedwali la Huduma lina mstari mmoja kwa kila kitu kinacholipiwa: usiku wa kambi, ndege, gari la kupokea uwanjani. Safu yenye thamani kuliko zote ni tarehe ya kuachiwa. Kambi inakushikia vyumba kwa muda bila hela, na tarehe hiyo ikipita inampa mwingine. Kwa Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, mwezi Agosti, nyumbu wakivuka mto Mara, ukiachiwa usitegemee kupata tena.

Kwa hiyo ukurasa ninaoufungua kila asubuhi hauna majina ya wateja kwa mpangilio wa herufi. Una tarehe tu, za siku 14 zijazo: nani anaachiwa vyumba, nani anadaiwa salio. Kila kambi ina masharti yake, kwa hiyo nimeweka idadi ya siku ambazo kila moja inataka salio kabla ya mgeni kuingia, na fomula inaongeza siku 15 juu yake. Hizo ni za benki: fedha kutoka nje hazifiki siku hiyo hiyo, na njiani zinakatwa ada ambayo mteja hakuitegemea.

Tarehe zenyewe nimezilazimisha ziandikwe mwezi kwa jina. Mmarekani akiandika 7/8 anamaanisha Julai 8, wewe unasoma Agosti 7, na zote ziko ndani ya msimu wa juu, kwa hiyo hakuna kitakachokushtua.

Julai

Karatasi ya dereva. Nilimtumia kaka mmoja ratiba ileile ya mgeni ili nione itakavyosomeka. Akapiga simu: "Dada, hii 06:00 si ndiyo saa kumi na mbili alfajiri? Na hii 13:00 ya geti la Naabi ni ya kuingia au kutoka?" Maswali yote mawili ni ya haki. Sasa mfumo unatoa nakala mbili: ya mgeni ina saa za kimataifa, ya dereva ina saa zetu, fomula ndiyo inayogeuza. Kibali cha Serengeti kinahesabiwa saa 24 tangu kuingia, kwa hiyo chini ya "kuingia getini" kuna mstari mzito: "kutoka kabla ya". Akiingia saa saba mchana Jumatatu, saa saba mchana Jumanne awe ameshatoka, la sivyo kuna siku nyingine ya kulipia. Inatumwa kama PDF kwa WhatsApp. Porini hakuna dereva atakayefungua programu kwa mtandao unaokuja na kuondoka.

WhatsApp sijaiacha, wateja wako huko. Ninatumia ile ya Business, na majibu ya haraka yanabeba maswali ya kila siku: viza dola 50 kwa walio wengi, dola 100 kwa Mmarekani, New York iko saa saba nyuma yetu kwa majira haya, usinipigie baada ya chakula chako cha jioni.

Kilichobaki ni kamisheni. Baadhi ya kambi zinanipa bei ya jumla nami naongeza yangu, nyingine zinarudisha asilimia baada ya mgeni kuondoka, na jedwali halijui tofauti hiyo. Kwa sasa ziko kwenye daftari. Nitazigusa Novemba, vuli zikianza.