Nilivyohesabu mikonyezo ya taa ya injini kwenye Corolla yangu

Msimu wa baridi hapa Njombe, gari langu lilikuwa na watu wake. Saa 12 kasoro asubuhi vijana wawili wa kijiweni wakisikia stata inalia bila injini kushika, wanakuja bila kuitwa, tunasukuma. Buku mbili kila siku. Likishapata moto halina neno: nazima, nawasha, nazunguka mji mzima. Ni Corolla AE100 ya 1994, injini 5A-FE, gia za mkono.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akasafisha nozeli, kisha akaniambia nijiandae kununua pampu ya mafuta. Nikamuuliza, pampu gani hii inayougua asubuhi tu? Akacheka. "Mwalimu, gari za zamani zina mambo yake."

Kilichonizindua ni taa ambayo haikuwaka. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, ile taa ya njano yenye picha ya injini lazima iwake, halafu izime injini ikishanguruma. Kwangu hapakuwaka kitu. Na siku ya kununua niliona ndiyo sifa yenyewe, dashibodi safi haina taa hata moja! Nikaifungua kwa bisibisi, nikakuta kishimo cha balbu kitupu. Aliyeniuzia, au aliyemuuzia yeye, alikuwa ameing'oa. Nikachomeka balbu mpya. Taa ikawaka, na injini iliposhika haikuzima.

Toyota nyingi za miaka ile hazihitaji mashine ya kuzisoma. Chini ya boneti kuna kiboksi chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS, na ndani ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Unaunganisha TE1 na E1, unafungua swichi bila kuwasha injini, unahesabu taa inavyokonyeza. Soma ramani mara mbili, maana tundu la +B lina umeme. Ukiligusanisha na E1 unaunguza fyuzi. Mimi nilinyoosha kibanio cha karatasi nilichokitoa kwenye rundo la mitihani ya Kidato cha Pili.

Nikakaa kwenye usukani na kalamu mkononi. Mbili, kimya kidogo, mbili. Kimya kirefu zaidi. Tano, kimya, moja. Kisha ikarudia tangu mwanzo. Nilihesabu duru nne kabla ya kuamini: 22 na 51.

Ile 51 ilinitisha bure. Hujitokeza ukipima huku AC imewashwa au mguu uko kwenye resi, nami nilikuwa nimeacha AC ninayofutia ukungu kiooni. Nikaizima, ikabaki 22 peke yake, yaani sensa ya joto la maji.

Hapo nikabishana na taa. Geji ya joto kwenye dashibodi inasoma vizuri kabisa, sensa imekufaje? Kumbe ziko mbili. Yenye waya mmoja inalisha geji, yenye waya mbili inalisha kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Kontroli boksi ikikosa habari za hiyo ya pili, inajichukulia kwamba maji yako nyuzi 80. Basi asubuhi ya baridi injini inapewa mafuta kidogo, kama imetoka safari. Ndiyo maana ikipata moto inapona.

Dukani sensa ilikuwa elfu 45. Nilishafungua pochi, ndipo nikakumbuka kwamba namba inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba: 22 inahusu sensa, soketi yake na waya wote mpaka kwenye kontroli boksi. Nikaazima mita ya kupimia umeme maabara ya fizikia. Asubuhi injini ikiwa baridi, sensa ilisoma omu 3,200, yaani ukinzani wake wa umeme. Ilipopata moto ikashuka hadi 300 na kitu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, omu zishuke joto likipanda. Sensa nzima.

Nikavuta waya mmoja nyuma ya soketi, taratibu. Ukarefuka kama mpira. Ganda zima, shaba ndani imekatika na kuota ukijani. Nilikata sentimita nne, nikaunga kipande kipya, nikalehemu, nikafunga tepu. Kufuta kumbukumbu nilichomoa fyuzi ya EFI, ile ya mfumo wa kupulizia mafuta, kwa dakika moja. Betri sikuigusa, stesheni za redio zisinipotee. Nikarudisha kibanio: taa ikakonyeza haraka haraka, mbili kwa sekunde, bila kupumzika. Hiyo maana yake haina la kusema.

Kesho yake saa 12 kasoro nilipiga stata, ikashika palepale. Wale vijana walikuwa wameshavuka barabara. Mmoja akasimama dirishani, mikono mfukoni.

"Mwalimu, leo hatusukumi?"