Soma Polepole

"Khalati, mbona picha yako ya WhatsApp ni leso?"

Mtoto wa dada yangu huyo, juzi, simu yangu mkononi kama kawaida yake. Nikamwambia leso ni nzuri kunishinda mimi. Akacheka, akarudi kwenye katuni zake. Swali likanibakia mimi.

Ilikuwa 2019, ile harusi ya binamu yangu wa Kibokoni, Mombasa. Siku ya kupamba, sherehe ya wanawake peke yao, kama mjuavyo, wanaume hawaingii na simu haziingii. Mlangoni mikoba inapekuliwa na mama asiyejua utani. Lakini simu ya msichana mmoja ilipita, hata leo sijui ilipitia wapi. Nikapigwa picha nacheza, nywele wazi, mikono wazi, asmini zinanidondoka. Mtu wa bara angeitazama asione kitu. Kwa mtaa wetu ilitosha.

Kakake aliitoa kwenye simu ya dadake, akafungua akaunti ya Facebook kwa jina langu, akaweka picha, namba yangu na maneno ambayo siyaandiki hapa. Halafu makundi ya WhatsApp. Usiku simu inaita, wanaume nisiowajua wanauliza bei. Mzazi mmoja akamwondoa mwanawe kwenye tuisheni yangu bila kusema sababu. Mwengine alisema.

Polisi nilikwenda na dada. Afande, nimpe haki yake, aliandika kila kitu na kunipa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Kisha akanieleza kwamba sheria ya uhalifu wa mtandaoni ipo, ilitiwa saini Mei 2018, ila mwezi huo huo Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26, na cha 27 kinachohusu kunyanyasa watu mtandaoni kimo humo. Waliokwenda kuipinga ni wanablogu, wakihofia serikali isije ikawafunga midomo. Leo na mimi ni mwanablogu, hofu yao naielewa. Siku ile pale kaunta sikuielewa hata kidogo.

Nyumbani nikakuta wakubwa wameshapatana. Babake kijana alikuja kwa ami yangu, wakanywa kahawa, wakasoma fatiha, yakaisha. Mtoto wa watu, tusimharibie. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikisikia vikombe.

Aliyeyafungua upya ni mwalimu wangu wa shule ya msingi, ambaye alipostaafu alisomea upatanishi. Alikuja akaketi kitandani kwangu, akauliza: "Wewe wataka nini?" Nilinyamaza kwa muda, maana hakuna aliyekuwa ameniuliza, hata mama. Akaniambia kijana lazima akubali kwanza kwamba alifanya, la sivyo hakuna kikao. Kwamba naweza kusimama na kuondoka wakati wowote. Na kwamba njia ya polisi haijafungwa. Akanitajia kifungu cha 159 cha Katiba, kinachotaka mahakama zihimize mapatano. "Lakini kumnyamazisha aliyeumizwa," akasema, "hayo si mapatano."

Nilitaka mawili. Ayasome aliyoyaandika, kwa sauti, mbele ya mama zetu. Na aandike kila mahali alikoipeleka ile picha.

Tulikaa kwa Mwalimu baada ya alasiri: mimi na mama, yeye na mamake. Akaunti alikuwa ameshaifuta, lakini dada alikuwa amezihifadhi kurasa zote na kwenda kuzichapisha saiba, ambako kijana wa kaunta naye alizisoma, bila shaka. Karatasi ikawekwa mezani. Akaanza mbio mbio, kama mtoto anayetoa sura aliyoihifadhi bila kuielewa.

"Polepole," Mwalimu akasema. "Rudi juu."

Akarudi. Sauti ilikuwa nyembamba, si ya kijana wa miaka 19. Alipofika kwenye lile neno akasita, akamtazama mamake. Mamake, aliyekuja akisema ni utoto tu, alikuwa akivuta nyuzi za pindo la mtandio wake, mmoja mmoja, na anaziweka pajani. Hakuinua uso. "Soma," akamwambia. Akasoma. Palipoandikwa jina langu akasema "yeye".

"Jina langu," nikasema.

Akalitaja. Sikusema kingine alasiri yote.

Orodha ilijaa upande mmoja wa karatasi ya daftari: kundi la mpira, la kidato cha nne, la mtaa, la jamaa zao walioko Muscat. Kote huko aliandika kwa jina lake kwamba akaunti ile aliifungua yeye. Kwa wazazi wa wanafunzi wangu alikwenda mlango kwa mlango, mamake nyuma yake. Baadhi ya watoto walirudi. Picha nayo ilirudi, Ramadhani iliyofuata, kutoka Muscat, imetumwa na mtu asiyejua kuwa ni mimi.

Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua vifungu vyote ni halali. Shoga yangu akanipigia anapiga vigelegele: faini hadi milioni 20, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili! Kama kesi ya mwaka uliopita ingeshikika au la, wakili ndiye angejua. Sikumtafuta wakili. Namba ya OB ninayo hadi leo, na kama nilisamehe au nilichoka, siku nyengine nasema hili, siku nyengine lile.

Kijana sasa anatengeneza simu, mjue tu. Tukikutana hunisalimia, nami huitikia. Dada hamuitikii. Anasema alasiri moja ni bei rahisi mno. Mimi humwambia miaka 10 isingeitoa ile picha Muscat, naye hujibu kwamba hata ile alasiri haikuitoa.