Pasaka Lisbon: nilienda kumuona Vasco nikakuta amefunga

Niseme mapema kabisa kwamba mpango wa hii safari niliupanga mimi, na mke wangu mpaka leo hajaacha kunikumbusha. Tunaishi Köln, na Wajerumani Pasaka wanakupa siku nne mfululizo, Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu, nikasema mwaka huu hatukai ndani kutazama mvua. Yeye akataka Paris. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, mpira nimecheza chini ya ukuta wa Fort Jesus, na tangu shule ya msingi nasikia Vasco da Gama, Vasco da Gama, nikaja kujua kaburi lake liko Lisbon, kwenye kanisa la monasteri ya Jerónimos, mtaa wa Belém. Nikataka kumuona. Sina la kumwambia, nimuone tu.

Mke wangu kwao Malindi. Hilo mliweke akilini.

Tiketi za ndege zilikuwa bei ya kutupa, mpaka unapofika getini. Yule dada akakitazama kibegi cha mke wangu, akakitia kwenye kile kichuma chao cha kupimia, kikakwama kwa unene wa kidole. Euro 48. Kibegi chenyewe tulikinunua 20.

Ijumaa usiku tukaingia mkahawa mmoja hivi karibu na hoteli. Hatujaagiza chochote, kijana anatuletea mkate wa moto, siagi, kijibini kidogo na kibakuli cha zeituni, anatabasamu. Mimi nikamwambia mke wangu unaona hawa watu, wana ukarimu kama wa pwani, mgeni hakai mezani mikono mitupu. Tukala mkate wote, tukaomba mwingine, akaleta kwa tabasamu lile lile. Bili ilipokuja sikujua Kireno hata kidogo lakini neno moja nililisoma bila mkalimani: azeitonas. Zeituni! Zimeandikwa bei, mkate bei, siagi bei, jibini ndio usiseme. Kumbe ndio utaratibu wao, kinaitwa couvert, usipokigusa hulipi, ukikigusa umenunua. Samaki wenyewe tulioenda kula walikuwa kawaida tu.

Jumamosi tulienda Sintra, mji wa makasri vilimani nje ya Lisbon. Ukungu. Tukarudi.

Jumapili sasa ndio siku yangu. Nilishaandika kila kitu kwenye simu, tramu namba 15, saa ya kutoka, saa ya kufika. Tukafika Belém, jengo refu jeupe la mawe yaliyochongwa kama lesi, nikasogea mlangoni wa kukatia tiketi, pako kimya. Karatasi ya saa za kazi inasema Jumapili ya Pasaka wamefunga. Mke wangu akasema si neno, tutakuja kesho. Nikaisoma ile karatasi mpaka chini. Jumatatu wanafunga pia, na si hii tu ya Pasaka, kila Jumatatu ya mwaka. Yani katika zile siku nne, nilimtengea Vasco siku ambayo hayupo, na siku ya akiba nayo hayupo. Mke wangu hakusema kitu. Alinitazama vile mtu anavyomtazama muuza duka aliyemrudishia chenji pungufu.

Tukawa tunaondoka ndipo nikaona kwenye mlango wa kanisa, pembeni pale, watu wanaingia mmoja mmoja, wamevaa vizuri, na mzee wa makamo amesimama anawachuja watalii. Nikamsogelea. Akanitazama kamera shingoni, akauliza: "Missa?"

Mimi ni Muislamu, ndugu zangu. Lakini nani wa Mombasa asiyejua misa? Nikamjibu "misa", kwa lafudhi yangu ya Mji wa Kale, na wallahi lilitoka Kireno safi. Kamera nikaitia mkobani, mke wangu mtandio ulikuwa kichwani tayari, mzee akatupisha.

Ukishaingia tu, mkono wa kushoto, huyo hapo. Amelala chali juu ya jeneza la mawe, viganja vimeunganishwa kifuani, chini simba wa mawe wamembeba, na ubavuni wamechonga jahazi lake. Tukakaa benchi la nyuma kabisa, bibi mmoja akatusogezea nafasi. Nilidhani dakika tano tunatoka. Tulikaa saa nzima na zaidi, maana bibi alikuwa kwenye njia na sikuwa na uso wa kumruka. Wakafukiza ubani, ule ule wa nyumbani, nikajikuta nawaza karamu za mjomba wangu. Ikafika pahala watu wanapeana mikono, bibi akanishika mikono yote miwili akanitakia amani, nami nimekwenda pale kwa kinyongo cha miaka mia tano.

Mke wangu akaninong'oneza, "Mbona mdogo hivi?"

Nikamnong'oneza kwamba huyu mdogo aliingia Mombasa Aprili 1498, na usiku watu wetu wakaogelea kwenda kumkatia kamba za nanga, akaondoka, mkesha wa Pasaka akatia nanga kwenu Malindi, mkampa rubani wa kumfikisha India. Mngemnyima, sisi leo tungekuwa wapi?

"Sisi tulimkaribisha mgeni," akasema. "Nyinyi ndio mlomkatia kamba, kisha unashangaa wamekufungia mlango."

Na Vasco mwenyewe hakufia hapo. Alifia Cochin, India, 1524, na hayo mabaki yamewekwa Belém 1880 tu. Nikatazama kile kibao cha mlangoni, igreja, yani kanisa. Kwetu neno hilo tulilipokea likawa gereza, na Fort Jesus Waingereza waliifanya jela kweli, mpaka 1958. Babu yangu alikuwa akipita Ngomeni anaharakisha mwendo.

Tulipotoka tukapanga foleni ya vile vikeki vya mayai, vinauzwa Belém tangu 1837, unanyunyizia mdalasini. Hapo sina malalamiko. Tukachukua na boksi la vikeki sita la kurudi nalo.

Jumatatu tulipanda vilima vya Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon, mawe ya njia yamesuguliwa na miguu mpaka yanateleza kama sabuni, magoti yangu bado yananidai. Usiku getini mke wangu kavaa makoti mawili ili kibegi kipite, kikapita. Kijana wa getini akanyooshea kidole boksi la vikeki: huo ni mzigo wa pili.

Tukasimama pembeni tukavila vyote sita, watu wanatupita.