Shemeji wa Goma juu ya Kahuzi

Mume wa dada yangu ni mtu wa Goma, na mtu wa Goma akishapanda Nyiragongo, volkano hai ya kwao, ujue utasikia habari hiyo hadi uzeeni. Kila alipokuja Bukavu, kabla hata bugali haijapoa, alikuwa keshafika kwenye ziwa la moto. "Ninyi huku muna vilima tu, shemeji." Nikamwambia tuna Kahuzi, mita 3,308. Akapiga hesabu papo hapo: Nyiragongo una 3,470, kwa hiyo wetu ni mfupi kwa mita 162. Tukakubaliana tukaupande.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2016. Tulipita Miti bado giza, tukafika Tshivanga, kwenye makao ya parke. Wageni wote tuliowakuta pale walikuwa wanakwenda kutazama gorila. Ndivyo ilivyo tangu parke ianzishwe mwaka 1970 kwa jitihada za Mbelgiji Adrien Deschryver: ukitaja Kahuzi-Biega, mtu anafikiria gorila. Milima miwili yenye jina hilo haiulizwi na mtu. Sisi tulipewa mlinzi mwenye bunduki na muzee mmoja wa kutuongoza, mwembamba, panga mkononi, bote za mpira miguuni. Shemeji alikuwa amevaa viatu vyeupe vya michezo. Muzee alivitazama, asiseme kitu.

Mwanzo ulikuwa mianzi mitupu, imeinamiana juu ya njia hata mchana ukaonekana kama jioni. Muzee alituonyesha machipukizi yaliyong'olewa na gorila. Shemeji alikuwa bado anatembea mbele, anasimulia.

Mianzi ilipokwisha, na masimulizi yakaisha. Kahuzi nao ni volkano, ila ulizimika zamani sana, na msitu umepata muda wa kuufunika wote. Kule Nyiragongo unakanyaga mawe makavu. Huku unapanda juu ya mizizi iliyolowa, na udongo mweusi unaomeza mguu hadi kwenye kifundo, hata kiangazi. Mteremko ukasimama mbele yetu. Nilipachika vidole katikati ya mizizi, nikajivuta, nikatafuta pa kuweka goti, nikajivuta tena. "Shika mzizi," muzee alisema, "usishike tawi." Shemeji akashika tawi. Lilikuwa limeoza ndani, likabaki mkononi mwake, naye akateleza chini hadi kwa mlinzi, ambaye alimpokea kwa bega bila kushangaa. Nadhani alikuwa amejipanga pale makusudi.

Mimi sehemu hiyo niliipenda kuliko zote. Ukipanda kwa mikono, uso wako uko karibu na ardhi, unaona vitu ambavyo mwenye kutembea wima anavipita: vimea vidogo kwenye ufa wa mwamba, maji yakichuruzika chini ya majani.

Juu zaidi miti ilifupika, tukaingia kwenye vichaka vya erika vilivyoning'inia ndevu za kijivu. Huko ndiko kunakoota Senecio kahuzicus, mmea uliopewa jina la mlima wenyewe. Upepo ulikuwa wa baridi kali. Tulipofika kileleni, wingu lilikuwa limefika kabla yetu.

Shemeji aligeukia kaskazini, akasimama kwa muda.

"Muzee, Nyiragongo iko wapi?"

"Iko palepale ilipo."

Upande wa mashariki wingu lilipasuka kidogo, tukaona Ziwa Kivu, likajifunga tena. Tulikula mandazi yaliyolowa, tukaanza kushuka.

Kushuka kulikuwa kubaya zaidi. Shemeji alishuka sehemu kubwa akiwa amekaa, na viatu vilikuwa na rangi ya udongo hadi kwenye kamba. Lakini tulipotokea barabarani alimsogelea muzee, akamuuliza kwa heshima kama na Biega nao unapandwa.

Muzee alitazama chini.

"Na viatu gani?"