Anza na mlinzi wa usiku: nilivyowashirikisha watumishi wa halmashauri kutunza mazingira ofisini

Ukitaka watumishi wa halmashauri wajali mazingira ya ofisi yao, usianze na semina. Semina hukusanya maafisa, na maafisa sio wanaozima taa ya mwisho, sio wanaomwaga taka, wala sio wanaoshika usukani. Nilipokabidhiwa kazi hii nilianza na watu wanne: mlinzi wa zamu ya usiku, msimamizi wa wahudumu wa usafi, karani wa masjala na ofisa usafirishaji. Wakuu wa idara niliwaendea baadaye, nikiwa na namba mkononi.

Namba ya kwanza ni ya usiku. Mlinzi anasoma mita ya umeme ofisi zinapofungwa, anaisoma tena kabla hazijafunguliwa, siku tano mfululizo, na kuandika kwenye daftari lake la zamu. Tuseme saa 11 jioni mita inasoma 48,210 na saa 1 asubuhi inasoma 48,294. Hizo ni uniti 84 (uniti moja ni kilowati-saa moja) kwa saa 14, yaani wastani wa kilowati 6 ndani ya jengo lisilo na mtu. Chumba cha seva kina haki yake, na taa za ulinzi vilevile. Zilizobaki ni za kusaka. Zunguka na mlinzi saa 2 usiku, mlango kwa mlango, na shada zima la funguo. Mtakuta kiyoyozi cha ukumbi wa mikutano kinapoza viti, mashine ya maji ya kunywa inachemsha na kupoza maji yasiyonywewa na mtu, na fotokopi ya korido bado ina joto.

Jambo la kuepuka hapa ni kubandika ubaoni orodha ya vyumba vilivyoachwa na taa. Wiki haiishi, mlinzi ameshaitwa mpeleka maneno, na daftari linaanza kuandikwa kwa kukisia. Mpe mamlaka ya kuzima, basi, kwa waraka wenye sahihi ya mkurugenzi. Bandika alama ya kijani kwenye kila kinachozimwa na nyekundu kwenye kisichoguswa: seva, kengele ya moto, friji ya chanjo. Alama ikae kwenye plagi na kwenye soketi, si kwenye kifaa peke yake. Sababu ni hii: friji na feni zikichangia waya mmoja wa kurefushia umeme, mtu anayezima feni kwenye soketi ya ukutani amezima na chanjo, na hakuna atakayejua hadi asubuhi. Friji ya aina hiyo ipewe soketi yake peke yake kabla hujabandika alama hata moja.

Viyoyozi havihitaji hotuba. Nyuzi 24 au 25 zinatosha chumba cha ofisi, ila ukitoa agizo hilo kabla ya kuosha vichujio utapuuzwa, na kwa haki. Kichujio kikijaa vumbi hewa haipiti, mtumishi anaona joto, anashusha hadi 16. Kiyoyozi cha kawaida cha kuwaka na kuzima hakipozi haraka zaidi kwa sababu umekiwekea 16. Kinakwenda kwa muda mrefu zaidi, basi. Osha kwanza, hamisha meza iliyo chini kabisa ya mkondo wa hewa baridi, ndipo uombe.

Karatasi ndiyo iliyonila muda. Rimu moja ni karatasi 500, na karatasi ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo rimu ni kilo mbili na nusu. Anza kwa kuuliza stoo rimu ngapi zilitoka miezi mitatu iliyopita na kwenda idara gani. Kisha mtu wa TEHAMA aweke uchapaji wa pande mbili kuwa ndio wa kawaida kwa kila kompyuta, ili anayetaka upande mmoja ndiye ahangaike kubofya. Mabango ya "fikiri kabla hujachapa" sikuyaona yakibadilisha chochote. Mpangilio wa printa ulibadilisha siku hiyohiyo.

Halafu printa zitaanza kukwama, na lawama zote zitakuja kwako. Mara nyingi kosa si la printa. Karatasi iliyofunguliwa ikakaa sakafuni hufyonza unyevu, hujipinda, na ikipita mara ya pili kwenye mashine inanasa. Rimu zikae juu ya rafu, zifunguliwe zinapohitajika tu, na zipakiwe kwa kufuata mshale uliochapwa kwenye karatasi ya kufungia. Wakati huohuo ruhusu barua za sahihi na muhuri zibaki upande mmoja, kwa kuwa wino wa muhuri hupenya na kuharibu maandishi ya nyuma. Bila ruhusa hiyo masjala watarudisha mpangilio wa zamani kwa ofisi nzima, na hutawalaumu.

Mzigo mkubwa kuliko wote ni makabrasha ya vikao vya baraza. Piga hesabu mbele ya katibu wa vikao: madiwani 40, kila mmoja kabrasha la kurasa 120, ni karatasi 4,800, karibu rimu 10 kwa kikao kimoja. Pande mbili ni karatasi 2,400, kilo 12 badala ya 24. Viambatisho virefu vikitumwa kwa simu au vishikwambi, zinapungua tena. Lakini soma kwanza kanuni za kudumu za halmashauri kuhusu namna ya kuwafikishia wajumbe nyaraka, na uwaulize waheshimiwa wenyewe. Wapo watakaotaka kila kitu kwenye karatasi, na kuwalazimisha kutakugharimu kikao kizima cha malumbano. Mimi niliwaacha wachague kwenye fomu moja fupi, nikachapa kulingana na fomu.

Kwenye taka, usinunue ndoo za rangi kabla ya kupima. Kusanya taka za siku moja ya kawaida, zimwage juu ya turubai, vaa glovu nzito, tenganisha: karatasi safi, chupa za plastiki, mabaki ya chakula, vinginevyo. Pima kila fungu kwa mizani ya stoo. Kisha tafuta mnunuzi au mchukuaji wa kila fungu. Fungu lisilo na mchukuaji halihitaji ndoo yake. Ondoa ndoo ndogo chini ya meza na uweke jozi za ndoo koridoni, daima mbili pamoja, kwa sababu ndoo ya karatasi ikikaa peke yake itatiwa maganda ya ndizi. Mfuniko wenye mwanya mwembamba kwa karatasi na tundu la duara kwa chupa unaeleza zaidi ya bango.

Kitu kinachoua mpango wote huonekana saa 12 asubuhi: mhudumu wa usafi anamimina ndoo zote mbili kwenye mfuko mmoja. Mtumishi akiona hilo mara moja tu, hatatenganisha tena. Na mhudumu hana kosa. Amepewa mfuko wa aina moja, toroli moja, na hajui fungu la pili linapelekwa wapi. Mpe mifuko ya rangi mbili, chumba chenye kufuli cha kuhifadhia karatasi, na ratiba ya mchukuaji. Ikiwa usafi umekodishwa kwa mzabuni, hayo yaandikwe kwenye mkataba wake. Maelekezo ya mdomo huondoka na msimamizi aliyepewa. Nyaraka za siri zisipite kwenye ndoo hizo kabisa. Ziwe na sanduku la kufuli, na uulize mnunuzi mapema kama anapokea karatasi zilizochanwachanwa, kwani wengine huzikataa.

Maji ni jambo la dakika chache. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tanki la choo, subiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa kuziba chini ya tanki umekwisha. Bomba linalodondosha, kinga chupa saa moja, zidisha mara 24, andika lita hizo kwenye fomu ya fundi. Zaidi ya hapo, siri ni moja: taarifa ijibiwe ndani ya siku mbili, hata kama jibu ni "kipuri kimeagizwa". Mtu akiripoti mara mbili bila jibu, ya tatu hairipoti.

Madereva hawataki kulinganishwa wao kwa wao, na wako sahihi: gari la mjini na gari la kata za mlimani hayafanani. Ukiwapanga kwa lita utapata daftari la safari lililopikwa. Linganisha kila gari na lenyewe, mwezi kwa mwezi, pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi, na omba injini izimwe gari likisubiri. Safari za kuunganisha idara mbili zilikwama kwa sababu isiyosemwa: hofu ya posho. Tangaza waziwazi kwamba kuchangia gari hakupunguzi posho ya mtu, kisha tundika ubao wa safari za wiki kwa ofisa usafirishaji. Kwenye ripoti hesabu takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa kwa lita ya dizeli na 2.3 kwa petroli. Kwa watumishi taja lita tu.

Wawakilishi wa idara wajitolee. Mkuu wa idara akiteua, anakuletea mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo atakayeondoka baada ya wiki nane. Saa moja kwa wiki, kwa ruhusa ya maandishi, inatosha, na kazi hiyo iingie kwenye malengo yake ya mwaka ili isiwe ya hisani. Matokeo yabandikwe palipo na kitabu cha mahudhurio, namba moja kwa wiki: uniti za usiku, au rimu zilizotoka.

Swali litakaloulizwa kwenye kikao cha pili ni "sisi tunapata nini?" Liwe na jibu. Idara inayookoa umeme haioni faida yoyote ikiwa bili inalipwa kwenye kasma, yaani kifungu cha bajeti, ya utawala, na mbaya zaidi, mwaka ujao kasma yake ya karatasi inakatwa kwa kuwa haikuimaliza. Nenda kwa mweka hazina kabla bajeti haijaandaliwa, umwombe sehemu ya kilichookolewa irudi idarani kwa kitu kinachoonekana. Sisi tulikubaliwa taa za LED za masjala, pamoja na viti viwili vya walinzi.