Siku moja maishani mwangu: sekunde kumi na mbili za Jumapili

Saa moja asubuhi. Simu inalia kabla ya alamu. Ni mama, ametoka zamu ya usiku hospitalini huko New Jersey, bado yuko kwenye gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

Sijala, ndiyo kwanza nafumbua macho. Niko hotelini, mwendo wa dakika ishirini kutoka kitandani kwangu. Timu hulaza wachezaji hotelini usiku wa kuamkia mechi hata kama tunacheza nyumbani. Mama haelewi kwa nini, nami nimechoka kumweleza.

Kazi yangu ni kurudisha mipira ya mateke katika futiboli ya Kimarekani. Wapinzani wakitupigia mpira, mimi naudaka na kukimbia nao mpaka watu wa kilo 110 waniangushe. Wiki hii nina bahati: kwa kawaida mimi ni wa kikosi cha mazoezi, tunaofanya kila kitu pamoja na wale 53 wa kikosi kikuu ila kucheza. Mrudishaji wetu anachechemea, kwa hiyo jana nikapandishwa. Kanuni za NFL, ligi yetu, zinaruhusu nipandishwe hivi mara 3 kwa msimu, na hii ni ya pili. Wiki hii nalipwa kama wakubwa, kesho narudi nilikotoka.

Saa tatu na nusu, uwanjani. Natiwa plasta vifundoni, nakula nusu ya mkate na ndizi. Tumbo halitaki zaidi.

Saa tano. Hii ndiyo saa ninayoipenda. Viti vitupu, upepo wa Novemba unakata masikio. Narusha majani hewani nione yanaelekea wapi, kisha nadaka mipira kumi, kumi na tano. Mpigaji wao anatumia mguu wa kushoto, na hilo ni balaa, maana mpira wake unazunguka kinyume na ule niliouzoea na unakatikia upande wa pili dakika ya mwisho. Natazama pua ya mpira. Ikigeuka chini, mpira utaendelea kuja, narudi nyuma. Ikibaki juu, mpira utafia hewani, nakimbilia mbele.

Wa rika langu tumekua na video za Devin Hester, mrudishaji mateke kama mimi. Februari 2007 alirudisha teke la kuanzisha Super Bowl, fainali ya ligi, yadi 92 mpaka tachidauni, yaani akafika eneo la mwisho na kufunga, na 2024 akaingizwa Hall of Fame, jumba la magwiji wa mchezo huu. Watu hutazama mbio zake. Mimi humtazama miguu kabla mpira haujamfikia: imetulia kama ya mtu anayesubiri matatu.

Saa saba mchana, mechi inaanza. Mombasa ni saa tatu usiku, najua mjomba amekaa na simu yake.

Tangu 2024 teke la kuanzisha limebadilika. Zamani mpira ulikuwa unapita juu ya vichwa vyetu tu. Super Bowl ya Februari 2024 hakuna hata teke moja la kuanzisha lililorudishwa. Kazi yetu ilikuwa inakufa huku tukiitazama. Sasa safu mbili zinasimama karibu karibu, wala haziruhusiwi kusogea mpaka mpira uguse ardhi au unifikie mimi. Watu elfu sitini wanapiga kelele, lakini wachezaji wamesimama kama wanapigwa picha. Naudaka kwenye yadi ya 4 kutoka mstari wetu wa goli, na picha inapasuka. Sioni watu, naona viuno na mwanya. Yadi 27. Nimelala chini, mdomoni nyasi, na ninacheka.

Teke la pili linapita hadi eneo la mwisho, naliacha, tunaanzia yadi ya 35. Hiyo nayo ni kazi, ingawa haipigiwi makofi.

Saa tisa kasoro, robo ya tatu. Ule mguu wa kushoto: wameshindwa kusonga mbele, wanatupigia mpira. Visigino vyangu viko kwenye yadi ya 10. Kanuni ya kocha ni kwamba mpira ukinipita kichwani hapo, nisiuguse kabisa. Haukunipita. Nikapunga mkono hewani, ishara kwamba nitadaka bila kuguswa wala kukimbia. Pua ikabaki juu. Nikachelewa hatua moja. Mpira ukanigonga kiganja, ukanigonga paja, ukaenda zake. Mwenzetu mmoja aliurukia akaulalia tumboni kama kuku na mayai. Sijawahi kumpenda binadamu namna ile.

Kocha hakufoka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, basi.

Saa kumi na robo, tumeshinda kwa pointi tatu. Nadumbukia kwenye beseni la barafu, na kesho mgongo utanisimulia mengine.

Saa mbili usiku. Ujumbe wa mjomba ulitumwa kwao saa nane za usiku. Kwake kipimo ni Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka raga akasajiliwa na Indianapolis Colts, timu ya NFL, mwaka 2013. "Kijana, umecheza dakika ngapi?" Nahesabu muda niliokuwa na mpira mkononi: sekunde kumi na mbili, tena nikijipendelea. Namjibu kwamba nilicheza mechi nzima.

Mama naye anapiga, anajiandaa kwa zamu nyingine.

"Nimeuona ule uliokuponyoka."

"Ndiyo mama."

"Mikono ilikuwa baridi?"

"Hapana. Nilichelewa."

"Haya. Umekula?"