Pini namba 8 na mashua ya ami

2019 hapo Lamu, nimetoka chuo juzi tu na Arduino Uno moja, kibao kidogo cha kompyuta cha kuprogramu, kwenye mkoba, najiona injinia kamili. Mashua ya ami ilikuwa yavuja, si sana, lakini kila alfajiri lazima ashuke ngamani akakumbe maji na kopo kabla ya kupeleka abiria Mokowe. Nikamwambia ami tulia, mi ntakutengezea kitu.

Boya ngamani, likipanda linaiambia Arduino, Arduino inawasha rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, rilei inawasha pampu ya betri ya volti 12. Rilei ya volti 5 niliichomoa kwenye mashine kuukuu nikaiunga moja kwa moja, pini namba 8 ya Arduino na grandi, yaani upande wa hasi, basi. Mezani inalia tak tak, raha tupu, na mashuani ikapiga kazi siku tatu, ami akawa anisifia mpaka barazani.

Siku ya nne napigiwa simu jua halijatoka. Betri imekufa, injini haiwaki, pampu imezunguka usiku kucha ngama haina hata tone, abiria wamesimama gatini na magunia yao. Maneno ya ami siyaandiki hapa.

Nikaipeleka Langoni kwa mzee mmoja fundi redio. Programu inasema zima, mita pale pinini inasoma volti 4.7, yaani pini imeganda kwenye washa. Akapima koili, ule waya uliozungushwa ndani ya rilei: ukinzani wake omu 70.

"Haya, tano gawa kwa sabini."

Nikapiga hesabu kwa simu, kama milliampi 71, na pini mwisho wake kabisa ni 40, ukitaka idumu usipite 20. Hayo chuoni niliyasoma na mtihani nilipasi, ndo aibu yenyewe.

"Mwanangu, nahodha hatweki tanga yeye, ana mabaharia."

Akaweka transista 2N2222, swichi ndogo inayoamriwa na umeme kidogo tu, na rizista ya kupunguza umeme, ya kilo-omu moja, kwenye besi, mguu wake wa kupokea amri, pini sasa yatoa milliampi 4 na kitu tu, mzigo wa rilei unabebwa na transista. Dayodi 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, akaipitisha juu ya koili, mstari upande wa chanya, maana koili ikikatwa umeme ghafla inarusha teke la volti nyingi kurudi ilikotoka. Hata waya wa boya akautia rizista. Bahati chipu ya Uno yangu ilikuwa ya kuchomoka kwenye soketi, nikanunua nyingine kwa pesa zangu.

Ikatulia. Ami alikubali irudi mashuani, ila kopo hakulitoa, alilifunga kamba pale pale ngamani.